Samaki asiyefika kwenye mzani

Kwenye mwalo wa Ikola, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mzani unawajua samaki wachache tu. Dagaa na migebuka hupimwa, huandikwa kilo zao, kisha hupakiwa kwenda Mpanda. Samaki mdogo wa miambani hapimwi na mtu. Akitoweka leo, daftari la mwaloni halitabadilika hata mstari mmoja.

Hapo ndipo mpiga mbizi anapohitajika. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 240 za samaki wa ukoo wa perege, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wengine huzaliwa na kufa kwenye miamba ileile. Wakikuta mchanga mrefu mbele yao, hawauvuki. Ndiyo maana wa jiwe hili huweza kuwa na rangi tofauti kabisa na ndugu zake wa rasi ya pili. Tena ziwa hili, pamoja na kina chake cha mita 1,470, halina oksijeni chini ya mita 100 hadi 200. Uhai wa miambani umebanwa ukingoni, na ukingo huohuo ndio unaopokea udongo wa mashamba ya miteremkoni. Tope likitua, hufunika ukoga wanaoula samaki na kuziba mianya wanamotagia.

Kuhesabu kwenyewe hakuhitaji mitambo mikubwa. Tepu ya mita 50 hutandazwa kwenye kina kimoja, na watu wawili huogelea taratibu kuifuata, kila mmoja na kibao cha plastiki na penseli ya kawaida, maana penseli huandika hata majini. Huandika aina, idadi na urefu wa samaki. Urefu ndio mtego: majini kitu huonekana kikubwa kwa karibu theluthi, kwa hiyo mhesabuji mgeni humwandika samaki wa sentimita 30 kuwa wa 40. Jicho hufundishwa kwa vijiti ambavyo urefu wake unajulikana. Wapiga mbizi wa kujitolea wa Reef Life Survey, iliyoanzia Tasmania, Australia, mwaka 2007, huhesabu baharini kwa tepu ya urefu huohuo baada ya kufunzwa na wanasayansi. Ziwani kwetu, mradi wa bioanuwai wa nchi nne katika miaka ya 1990 uliwafundisha wataalamu wa hapa kupiga mbizi. Lakini hesabu ya mara moja haisemi mengi. Ni lazima kurudi jiwe lilelile, mwaka hadi mwaka.

Afya ya mhesabuji nayo ina masharti yake. Tanganyika iko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida ya kupiga mbizi, yanayoonyesha muda salama wa kukaa chini, yametengenezwa kwa ajili ya baharini. Mtu akiwa chini, naitrojeni ya mtungini huyeyuka katika damu na misuli. Akipanda haraka hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza, huanzia hapo. Mpanda iko juu zaidi ya ziwa, ambako shinikizo la hewa ni dogo, hivyo anayetoka majini kijijini Karema na kupanda gari kwenda huko papo hapo anajiongezea hatari. Alale Karema, asafiri kesho yake. Na kwenye maji ya kina kifupi yenye konokono akumbuke kichocho, apimwe.

Mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi za ziwa. Kama hatua hiyo ilisaidia, kilo za mwaloni hutueleza habari za dagaa tu. Habari za miambani zinahitaji vijana wa Karema na Ikola, waliokulia majini, wapewe mitungi, mafunzo na vibao. Wengi wao tayari wanajua samaki aitwaye kuhe anapotagia, na jinsi dume na jike wanavyolinda makinda yao bila kuondoka. Kijana wa namna hiyo hahitaji kufundishwa kumtambua kuhe. Anahitaji penseli, na mtu wa kuipokea hesabu yake.