Afya ya Mtu Afanyaye Kazi Peke Yake

Siku hizi ziko nyumba nyingi, hasa mijini, ambamo yumo kijana asiyetoka asubuhi kwenda kazini na hata hivyo anafanya kazi. Anatafsiri maandishi, anachora matangazo ya biashara, anatunza hesabu za maduka ya watu, au anatengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya kampuni ambayo hajapata kuiona. Hana mwajiri wala mshahara wa mwezi. Analipwa kwa kila kazi anayoimaliza. Majirani husema hana kazi. Mama yake anajua kwamba kazi anayo, lakini haelewi kwa nini mtoto amekonda, kwa nini halali usiku, na kwa nini akiitwa kula hujibu "nakuja" na haji.

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi na chakula cha watoto. Mwezi huu tunawaomba wasomaji watuvumilie tuzungumze juu ya afya ya mtu wa namna hii, na juu ya dawa moja isiyouzwa katika duka la dawa: chumba cha kazi cha pamoja.

Chumba hiki ni kitu gani? Ni mahali ambapo watu wenye kazi mbalimbali, wasio chini ya mwajiri mmoja, hulipia meza kwa siku au kwa mwezi. Kila mmoja huja na kompyuta yake na kazi yake. Umeme, intaneti, maji ya kunywa na choo ni vya wote. Hakuna msimamizi wa kuwauliza mbona mmechelewa.

Tusifikiri kwamba jambo hili ni geni kabisa kwetu. Mafundi cherehani wamelijua tangu zamani. Tazama baraza la duka lolote sokoni: mafundi watatu au wanne, kila mmoja na cherehani yake na wateja wake, wamekaa pamoja. Huazimana mkasi na pasi. Mmoja akienda zahanati, mwenzake hupokea nguo za mteja. Na asipoonekana siku mbili, watamwulizia. Fundi huyo angeweza kushona nyumbani kwake bila kulipa kodi ya baraza, lakini anajua anacholipia.

Kwa watu wa kompyuta, jina na mpango wa chumba cha namna hii vilienea kutoka mji wa San Francisco, Marekani. Huko, mwaka 2005, mtengenezaji wa programu aitwaye Brad Neuberg aliona kwamba alipoajiriwa alipata wenzake na utaratibu wa siku lakini alikosa uhuru, na alipojitegemea alipata uhuru akakosa wenzake. Akataka vyote viwili. Tarehe 9 Agosti mwaka huo alifungua chumba katika nyumba iliyoitwa Spiral Muse, akilipa dola 300 kwa mwezi ili akitumie siku mbili kila wiki. Mwezi mzima wa kwanza hakuja mtu hata mmoja. Ilimbidi atoke akawaalike watu ndipo wakaanza kufika, mmoja mmoja.

Sisi wa ukurasa wa afya tunavutiwa zaidi na ratiba yake. Chumba kile kilikuwa na meza chache tu, lakini watu walikula chakula cha mchana pamoja, walikuwa na muda wa kutulia kimya, na walitoka kuendesha baiskeli. Halafu ikifika saa 11:45 jioni chumba kilifungwa, awe mtu amemaliza kazi au hajamaliza. Kwa hiyo tangu mwanzo mpango huu ulikuwa wa afya kama ulivyokuwa wa kazi. Wengi waliouiga baadaye walichukua meza na intaneti, wakaiacha saa ya kufunga. Kwa maoni yetu waliacha sehemu iliyo bora.

Kwetu Afrika Mashariki, iHub ilifunguliwa Nairobi, katika barabara ya Ngong, mwaka 2010, na ilijulikana upesi miongoni mwa vijana wa kompyuta. Tangu hapo vyumba vya namna hii vimeonekana Dar es Salaam, Kampala, Kigali na hata katika miji midogo zaidi.

MADHARA YA KUJIFUNGIA

Tuanze na mwili. Anayefanya kazi chumbani kwake mara nyingi hana meza. Hukaa kitandani, ameinamia kompyuta iliyo juu ya mapaja, shingo imekunjwa kwa saa nyingi. Baada ya miezi michache huanza kulalamika kwamba mabega yanawaka, kiuno kinauma, vidole vinakufa ganzi. Macho nayo huwasha na kukauka, kwa sababu mtu anayekodolea kioo cha kompyuta hupepesa kope mara chache sana kuliko kawaida, na machozi hayapati nafasi ya kulowanisha jicho. Ndipo hununua dawa za maumivu kila wiki, na dawa hizo zikitumiwa ovyo huharibu tumbo na figo.

Halafu kuna saa za kazi. Wengi wa vijana hawa wana wateja Ulaya na Marekani. Mteja wa San Francisco anapoanza kazi saa 3 asubuhi, kwetu ni saa 1 au saa 2 usiku. Basi kijana hukesha akijibu maswali, na asubuhi watu wa nyumbani wanapoanza kupiga deki na kufungulia redio, ndiyo kwanza anajaribu kulala. Naye asiye na mteja wa mbali hukesha pia, kwa sababu kazi iko palepale kitandani, hakuna mlango wa kuifungia.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hatari ya kupata kiharusi kwa mtu wa namna hiyo huzidi kwa asilimia 35 ile ya mtu afanyaye saa 35 hadi 40. Mfanyakazi wa kiwandani anaweza kuhesabu saa zake kwa king'ora. Wa chumbani, nani amhesabie?

Lakini ugonjwa tunaouogopa zaidi ni upweke. Wengi wetu huudhani ni ugonjwa wa Wazungu, kwamba kwetu hakuna mpweke kwa kuwa nyumba zimejaa watu. Takwimu zinasema vingine. Katika taarifa iliyotolewa mwezi Juni 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani ilieleza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani huteseka kwa upweke, na kwamba upweke unahusika na vifo kama 871,000 kila mwaka. Tena katika nchi zenye kipato cha chini watu wapatao asilimia 24 walisema ni wapweke, kiasi kinachozidi mara mbili kile cha nchi tajiri. Upweke huongeza hatari ya kiharusi, ugonjwa wa moyo, kisukari, na huzuni ile nzito inayomfanya mtu asione faida ya kuamka.

Inawezekanaje mtu awe mpweke katika nyumba yenye watu wanane? Inawezekana, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya hao wanane anayeielewa kazi yake. Mteja akikataa kumlipa baada ya wiki tatu za kazi, atamweleza nani? Baba atasema, "Si nilikwambia utafute ajira?" Basi hunyamaza. Kunyamaza huko, mwezi baada ya mwezi, ndiko kunakomla.

FAIDA YA KUKAA NA WENZAKO

Faida ya kwanza ni kutoka nyumbani. Mtu anaoga, anavaa nguo safi, anatembea mpaka kituo cha daladala, anapigwa na jua la asubuhi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aupe mwili mazoezi ya kadiri dakika 150 hadi 300 kwa wiki; anayetembea dakika kumi na tano kwenda na kumi na tano kurudi, siku tano kwa wiki, amekwisha kuzipata dakika 150. Aliyebaki kitandani hajapata hata moja. Pia mwanga wa asubuhi huusaidia mwili kujua mchana ni upi na usiku ni upi, na usingizi hurudi mahali pake.

Ya pili ni meza na kiti. Havihitaji kuwa vya fahari. Miguu ikanyage chini, mgongo uegemee, na ukingo wa juu wa kioo cha kompyuta uwe karibu sawa na macho. Penye watu wengine mtu huinuka pia bila kuambiwa: kumsalimu aliyeingia, kuchota maji, kutazama kazi ya mwenzake. Kuinuka huko kila nusu saa hivi ni dawa ya kiuno.

Ya tatu, nayo kwetu ndiyo kubwa, ni kuonekana. Yupo mtu atakayesema, "Leo mbona umenuna?" Yupo atakayemwambia kwamba mteja yule yule aliwahi kumdhulumu yeye pia, na namna alivyodai akalipwa. Atajua bei ambayo wenzake hutoza, aache kujiuza kwa bei ya kutupa. Tunalitaja hili katika ukurasa wa afya kwa sababu wasiwasi wa fedha huingia katika usingizi na katika msukumo wa damu.

Kwa akina mama faida hii ina uzito wake wa pekee. Mwanamke anayefanya kazi hii nyumbani huhesabiwa kuwa hana kazi, kwa hiyo apike, apokee wageni, ambebe mtoto wa dada yake, na kazi ya mteja aifanye wote wakiisha lala. Akiwa na meza mahali pengine, hata kwa siku tatu tu za wiki, familia huanza kuamini kwamba anafanya kazi. Nyinyi akina baba mnaosoma ukurasa huu, lifikirieni jambo hili kabla ya kuuliza mbona chakula hakijawa tayari.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza mwaka 2015 kwamba watu waliotumia vyumba hivi Marekani walipopima wenyewe jinsi wanavyostawi kazini, wastani wao ulikaribia 6 katika kipimo cha 7, nacho ni kiasi kikubwa. Tunaipokea habari hiyo kwa uangalifu. Walioulizwa ni watu waliochagua wenyewe kwenda na wenye uwezo wa kulipa. Yule aliyeshindwa ada hakuulizwa.

MAMBO YA KUANGALIA

Na ada ndiyo kizuizi. Kijana ambaye mapato yake hayatabiriki asijifunge kwa malipo ya mwezi. Aanze na siku mbili kwa wiki, kama alivyoanza Neuberg. Tena asidanganywe na viti vizuri na kahawa. Kampuni ya WeWork, iliyoanzishwa New York mwaka 2010, ilieneza vyumba vya fahari katika miji mikubwa ya dunia, na mwezi Novemba 2023 ilibidi iombe mahakama iilinde na wadai wake. Chumba ambamo watu hawasalimiani ni chumba tu.

Aangalie madirisha. Kifua kikuu, mafua na korona huenea kwa hewa katika chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, yaliyo wazi, ni bora kuliko chenye mashine ya kupoza hewa na vioo vilivyofungwa siku nzima. Anayekohoa abaki nyumbani, na kikohozi kikifika wiki mbili aende kupimwa makohozi.

Mahali pasipo na chumba cha namna hii, watu watatu au wanne wanaweza kujitengenezea chao. Kumbi nyingi za mikutano hukaa tupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, ziko maktaba, iko sebule ya mmoja wao ambaye watoto wake wako shule mchana. Wachange fedha za umeme na intaneti, wapike pamoja sufuria moja ya maharage, na wakubaliane saa ya kufunga. Hiyo wasiisahau. Tunashauri saa 11 na nusu jioni, na kwa mwenye wateja wa usiku, achague siku mbili tu za wiki za kukesha na azitangaze kwa wateja wake mapema.

Wazazi nao wasingoje mpaka mtoto avunjike. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi amekuwa na huzuni siku nyingi, hapendi tena mambo aliyoyapenda, halali au analala kupita kiasi, hali, au anasema afadhali asingekuwapo, hapo meza na wenzake havitoshi. Huo ni ugonjwa unaotibika. Msimwite mvivu, na msimwache peke yake. Mmoja wenu amsindikize hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo, akae naye kwenye foleni, na amweleze mganga yote aliyoyaona nyumbani, hata yale ambayo mgonjwa mwenyewe anaona haya kuyasema.