Shamba la Ukoo, Dole Gumba la Bibi

Tarehe 24 Agosti 1988 mwanamke wa Kihaya aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo kwa shilingi 300,000. Shamba hilo aliachiwa na baba yake kwa wosia halali. Alikuwa amezeeka, hana wa kumtunza, na mnunuzi aliyempata hakuwa mtu wa ukoo. Kesho yake, tarehe 25, mtoto wa nduguye, Bernardo Ephrahim, alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Hoja yake ilikuwa fupi: kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo.

Wa kumtunza bibi hakupatikana. Wa kulitetea shamba alipatikana ndani ya siku moja.

Mahakama ya Mwanzo ilibatilisha mauzo na kuagiza pesa zirudishwe. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikautengua uamuzi huo, na rufaa ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba Tamko la Haki za Binadamu lililoingizwa katika Katiba mwaka 1984 haliwezi kukaa nyumba moja na mila inayombagua mwanamke. Basi mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume anavyouza. Ukoo nao hakuutupa nje. Mwanaukoo anayelitaka shamba alikomboe kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa, sharti ambalo awali liliwahusu wanaume wakiuza.

Vyuoni kesi hii hufundishwa kama kesi ya haki za wanawake, na ni kweli. Mimi naisoma pia kama kesi ya uzee. Mara nyingi tunaposema tunamlinda mzee, tunachokilinda ni mali yake isimtoke mikononi kabla hatujairithi. Sheria inayostahili kuitwa ya kumlinda mzee inamzuia tapeli asimnyang'anye, na papo hapo inawazuia ndugu wasimfanye mgeni juu ya mali yake mwenyewe.

Tanzania Bara ilitunga Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60. Sera haifungui jalada polisi. Zanzibar walitunga Sheria ya Masuala ya Wazee mwaka 2020. Kenya waliwataja wazee katika Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010. Lakini mzee wa Buganguzi, Muleba, akidhulumiwa leo, hayuko mikono mitupu. Ulinzi wake umetawanyika katika sheria ambazo hazina neno "wazee" kwenye jalada.

Wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio wenye nguvu kuliko wote, umo katika Sheria ya Mikataba, kifungu cha 16. Kinaeleza ni wakati gani mkataba huhesabiwa kuwa umepatikana kwa ushawishi usio halali, na mkataba wa namna hiyo unaweza kutenguliwa. Kisha kinataja waziwazi mtu ambaye akili yake imeathirika, kwa muda au moja kwa moja, kwa sababu ya umri, maradhi au dhiki. Ikiwa aliyefanya naye mkataba alikuwa na uwezo wa kuitawala nia yake, na mkataba wenyewe unaonekana kuwa wa kinyonyaji, mzigo wa kuthibitisha unamhamia huyo mwenye nguvu. Yaani kijana aliyempeleka bibi mgonjwa kupiga dole gumba, akatoka na kibanja (shamba la nyumbani) chote kwa bei ya mbuzi wawili, yeye ndiye atakayeieleza mahakama kwamba hakumrubuni. Kifungu hiki kina umri wa kutosha kuwa mzee chenyewe. Sheria yake ni ya mwaka 1961. Mabaraza ya vijijini hayakitumii kwa sababu hakuna anayekisoma.

Kwenye wosia tahadhari iko kwenye idadi ya mashahidi. Sheria za wosia za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 zinataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mzee asiyejua kusoma akiandikiwa wosia, mashahidi ni wanne vilevile. Anayejua kusoma anatosheka na wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Huyo wa nje ndiye kufuli. Karatasi iliyotoka chumbani kwa mgonjwa ikiwa na majina ya watoto wa mama mmoja peke yao haina pa kusimama.

Kibanja cha kijijini nacho hakihami kwa makubaliano ya watu wawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka Halmashauri ya Kijiji iidhinishe uhamisho, na inaipa sababu ya kukataa pale uhamisho unapovunja haki ya mwanamke kukaa kwenye ardhi hiyo. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula wana kitu ninachowaonea wivu: sheria ya Uganda inayowalinda wasiojua kusoma inamlazimu aliyeandika hati kuweka jina na anwani yake mwenyewe chini ya karatasi. Mwandishi wa hati za kitapeli hapendi kujulikana anakoishi.

Kuna dhuluma ndogondogo ambazo hazifiki mahakamani. Butura ni mojawapo: kahawa inanunuliwa ingali maua mtini, kwa bei ya shida, kwa sababu mjukuu anadaiwa daftari na sare. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mwaka 1983, bibi wengi walibaki na wajukuu baada ya kuwazika wazazi wa watoto hao, na mnunuzi wa butura anajua mlango upi wa kubisha. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo. Inaendelea usiku.

Simu imeleta mengine. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unaangukia chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na namba iliyoutuma hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kwa namba 15040. Gumu zaidi ni la mjukuu anayeijua namba ya siri ya bibi na kutoa pesa "kidogo". Huo ni wizi kama wizi mwingine, ila bibi hataki mjukuu afungwe, na hapo sheria inakwama kwa sababu shahidi mkuu anamtetea mshtakiwa.

Mgogoro wa shamba uanze Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza hilo linasuluhisha, halihukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, njia ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msaada wa kisheria bila malipo umewekewa sheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa nayo. Kinachowaangusha wengi ni muda: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na mzee anayesubiri mwanawe arudi toka mjini ndipo alalamike anaimaliza miaka hiyo akiwa kimya.