Datsun ya bei ndogo au Porsche ya bei kubwa? Jibu lilitolewa kwenye udongo kama wetu

Mjini Bunia, mtu anayetafuta gari huuliza kwanza bei, kisha piesi zinapatikana wapi, kisha kama gari hiyo itafika Mahagi wakati wa mvua. Kasi haiulizwi. Ukiwa na mashimo ya RN27 mbele yako, gari ya kilomita 200 kwa saa na ile ya kilomita 100 kwa saa zitafika siku moja, kama zitafika.

Hata hivyo vijana wetu wanapenda gari za mbio. Kila mwaka Safari Rally ya Kenya inapokaribia, video za Naivasha zinapita kutoka simu moja hadi nyingine, na mabishano yanaanza: ukipewa pesa, ungenunua gari gani ya mbio ya zamani? Wengi wanajibu haraka: Porsche 911. Wachache, hasa wenye mikono ya mafuta machafu, wanataja Datsun 240Z. Mabishano hayo yana zaidi ya miaka 50, na hayakuamuliwa Ulaya. Yaliamuliwa hapa jirani, ng'ambo ya Ziwa Albert, kwenye vumbi na matope ya Uganda, Kenya na Tanzania.

Safari ilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Kwa miaka mingi ilikimbiwa wakati wa Pasaka, yaani katikati ya mvua, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Dereva alikutana na ng'ombe, malori na watu wanaotoka sokoni. Mwaka 1963 gari 84 ziliondoka. Zilizofika ni saba tu. Mwaka 1968 zikafika tena saba, na mshindi akawa yuleyule wa 1963, Nick Nowicki, tena akiwa na Peugeot 404. Wazee wetu wanaikumbuka Peugeot hiyo: gari ya familia, ya kubebea watoto na mihogo.

Nissan, kampuni yenye jina la Datsun, ilileta gari zake kwa mara ya kwanza katika Safari hiyo ya 1963. Hakuna hata moja iliyomaliza. Walirudi Japani wakiwa na vyuma vilivyovunjika, wakavichunguza, wakarudi tena, na tena. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, akashinda pamoja na msomaji ramani wake Hans Schüller katika Datsun 1600 SSS. Ndipo ikaja 240Z.

240Z ilikuwa gari ya milango miwili, pua ndefu, motere ya mbele yenye silinda sita na ukubwa wa lita 2.4. Ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1970, bei yake ilikuwa dola 3,526. Porsche 911 ya bei ya chini kabisa ilikaribia mara mbili ya pesa hiyo, na ile yenye nguvu zaidi, 911 S, ilizidi mara mbili. Porsche ilikuwa na motere nyuma, iliyopozwa kwa hewa bila maji, kazi ya mafundi wa Stuttgart. Kuiendesha vizuri ni sanaa, na aliyeijua aliweza kuwapita wote.

Mwaka 1971 zote mbili zilikuja Safari. Herrmann na Schüller wakashinda na 240Z. Wa pili akawa Shekhar Mehta, naye na 240Z. Wa tatu, Bert Shankland wa Tanzania, na Peugeot 504. Porsche iliyofanya vizuri kuliko nyingine ilikuwa ya tano, mikononi mwa Sobiesław Zasada wa Poland. Mwaka uliofuata Zasada akapanda hadi nafasi ya pili, nyuma ya Ford Escort ya Hannu Mikkola.

Mehta anatuhusu zaidi kwa sababu alizaliwa Uganda, na familia yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizoondoka wakati wa Idi Amin mwaka 1972. Alihamia Kenya. Mwaka 1973 alirudi kwenye Safari na 240Z, akamaliza akiwa sawasawa kwa pointi na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa pia na Datsun. Waamuzi wakalazimika kuangalia nani alikaa muda mrefu zaidi bila kupewa adhabu. Ushindi ukaenda kwa Mehta. Baadaye angeongeza ushindi mwingine wa mara nne mfululizo, kutoka 1979 hadi 1982, zote na Datsun.

Na Porsche? Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden aliongoza kwa muda mrefu. Kisha sehemu inayoshika gurudumu ikavunjika. Joginder Singh akampita na Mitsubishi Lancer, gari ndogo ambayo Ulaya wengi hawakuijua. Singh alikuwa mtoto wa garaji: alijifunza ufundi kwa baba yake, na ushindi wake wa kwanza, mwaka 1965, aliupata na Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika mbioni. Mwaka 1978 Porsche ikajaribu tena kwa nguvu zote. Vic Preston Jr akawa wa pili nyuma ya Peugeot 504. Gari ile ya bei kubwa, iliyoshinda karibu kila mahali ulimwenguni, haikuwahi kushinda Safari yenyewe.

Hapa watu wa Datsun hufurahi na kufunga mazungumzo. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Porsche haikuwa mbovu. Uzito wa motere nyuma unasaidia sana kwenye matope, na gari inayomaliza ya pili mara tatu katika mbio zinazoua gari nyingi si gari dhaifu. Ilichokosa ni mazoea. Datsun ilikuwa na miaka minane ya kuvunjika kwenye barabara hizi kabla ya 240Z kushinda, na ilikuwa na madereva wanaokaa hapa, wanaojua kwamba daraja fulani huzama ikinyesha usiku. Tena, motere yake ilifanana na zile ambazo mafundi wa Nairobi na Kampala walikuwa wakizifungua kila siku. Bei ndogo ilikuja pamoja na hayo, lakini si bei iliyoshinda.

Ushahidi ni yaliyotokea baadaye. Tangu 2003 kuna mashindano ya gari za zamani, East African Safari Classic Rally, ambapo gari za miaka hiyo zinarudi barabarani. Mwaka 2011 mshindi alikuwa Waldegård yuleyule, akiwa na miaka 68, na safari hii ndani ya Porsche 911. Katika Safari yenyewe alikuwa ameshinda mara nne, na Ford na Toyota, lakini kamwe si na Porsche. Mwaka 2015 Stig Blomqvist, Msweden mwingine, akashinda pia na 911. Gari ni ileile ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa wenye pesa wanaiandaa kwa miezi mingi kwa ajili ya barabara hizi, wanaiimarisha kila pembe, na wanafuatwa na magari yaliyojaa piesi na mafundi.

Kwa hiyo ukiuliza ipi ni bora, jibu linategemea nani anakufuata nyuma.

Tuje sasa Bunia, ambako hakuna anayekufuata. Hapa swali la Datsun na Porsche linaulizwa kila wiki, ila kwa majina mengine. Mtu ana dola zake alizokusanya kwa biashara ya mbao au ya samaki wa Tchomia. Upande mmoja kuna Land Cruiser iliyozeeka, na muuzaji hashuki bei. Upande mwingine kuna gari ya Kijerumani inayong'aa, viti vya ngozi, kwa nusu ya bei. Watu husema: nikinunua ya Toyota nimenunua ghali, nikinunua ile nimeokoa pesa.

Ukifuata historia tuliyoisimulia, mambo yamegeuka. Katika mji wetu Land Cruiser ndiyo Datsun, ingawa bei yake ni kubwa. Fundi wa Mudzipela ameifungua mara mia, piesi zake zinauzwa, na ikikwama njiani kila dereva wa lori anajua pa kugusa. Ile ya nusu bei ndiyo Porsche: nzuri, yenye kasi, na siku kompyuta yake itakapokataa, artikle 15 haitasaidia. Utasubiri kifaa kutoka Kampala au mbali zaidi, gari ikiwa imelala kwenye matofali nyumbani, na mtaa mzima ukijua.

Kwetu kukwama si hasara ya pesa tu. Kwenye Safari, dereva aliyevunjika gurudumu alipoteza pointi. Kwenye barabara ya Mahagi au ya Komanda, katika jimbo lililo chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, anayesimama jioni porini anaweza kupoteza mengine. Wasafiri wa hapa wamelazimika kungoja misafara yenye ulinzi wa askari. Katika msafara, gari inayozima inawasimamisha wengine wote nyuma yake.

Ndiyo maana kabla ya kuhesabu dola, mpeleke fundi wako mwenyewe aione gari, na umuulize swali moja la wazi: motere hii umeshaifungua? Akijibu kwamba ataizoea, ujue atazoea kwa pesa yako. Angalia pia usukani. Gari nyingi zinazopitia Mombasa na Kampala zina usukani kulia, nasi tunaendesha kulia. Kumpita Fuso kwenye kona, huoni kinachokuja mpaka nusu ya gari yako iwe imetoka.

Wapo ndugu zetu wa Brussels na Paris ambao bado wanaota 911, au hata 240Z. Nao wana haki. Lakini wasidanganywe na jina la gari ya bei ndogo: Januari 2020 huko Marekani, 240Z moja ya mwaka 1971, iliyotunzwa vizuri, iliuzwa kwa mnada dola 310,000. Datsun ya maskini imekwisha. Anayetaka kununua moja ya hizo gari mbili anunue anayoipenda, aiegeshe hukohuko, na akija likizo Bunia apande Land Cruiser ya shemeji.