Si kila ua lililokauka limenyauka

Juma lililopita nikiwa Ruiru, nilisimama kwa mama mmoja anayeuza maua kando ya barabara. Katika ndoo isiyo na maji mlikuwa na mafungu ya maua ya zambarau.

"Mama, mbona unauza maua yaliyonyauka?" nikamuuliza.

Akakunja uso. "Mwalimu, utanifukuzia wateja! Hizi hazijanyauka. Zimekauka tu."

Mama alisema kweli. Ua lenyewe ni statisi, ambalo wanasayansi huliita Limonium sinuatum. Asili yake ni maeneo ya Bahari ya Mediterania, na hapa Kenya hulimwa kwa ajili ya biashara. Ile sehemu yenye rangi tunayoipenda si petali bali ni sepali, nyembamba na kavu kama karatasi hata ua likiwa bado shambani. Petali zenyewe ni ndogo, nyeupe, na hazidumu. Ndiyo maana ukilikata ua hili na kulining'iniza kichwa chini kivulini, penye hewa, umbo na rangi yake hubaki kwa miezi mingi.

Sasa tutazame vitenzi. Kukauka ni kuishiwa na maji: nguo hukauka, mahindi hukauka, wala hakuna anayelalamika. Kunyauka ni kulegea na kusinyaa kwa kukosa uhai, kama sukumawiki iliyokosa maji wakati wa kiangazi. Kuchujuka ni kupoteza rangi, kama leso iliyofuliwa mara nyingi. Kupukutika ni kuanguka kwa majani au petali moja moja. Waridi lililosahaulika mezani laweza kupatwa na yote manne. Statisi iliyotunzwa vyema hukauka tu, ingawa ukiiacha juani muda mrefu, nayo huchujuka.

Kisarufi, ningeweza kumkosoa mama. Ua limo katika ngeli ya LI-YA, kwa hivyo tunaandika "maua haya hayajanyauka", si "hizi hazijanyauka". Na ni "maua makavu", si "maua kavu". Lakini kosa lake la ngeli halimfukuzi mteja. Langu la kitenzi lingemfukuza.

Nilinunua fungu moja, kisha nikamwandikia kibao: "Maua makavu. Hayajanyauka."