Chozi wa Handeni na Chozi wa Korogwe

Wanachama wetu wanamjua chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anyonyaye maji matamu ya maua. Pemba ina chozi wake asiyepatikana penginepo. Leo twaeleza habari za chozi wawili wa bara, ambao wataalamu walipata taabu kuwapambanua.

Mtu akisimama katika uwanda wa Handeni ana milima pande mbili. Kaskazini, ng'ambo ya mto Pangani, iko Usambara, ambayo sehemu yake imo Wilaya ya Korogwe. Magharibi iko milima ya Nguu, iliyokuwa ya Handeni mpaka Wilaya ya Kilindi ilipotengwa mwaka 2002. Katikati ni nchi ya joto na ukavu. Chozi hawa makao yao ni misitu ya juu yenye baridi.

Chozi wa Usambara alipewa jina mwaka 1922, lakini kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa tawi tu la chozi wa nyanda za juu za Kenya. Chozi wa Nguu, anayeonekana pia Nguru, Ukaguru na Udzungwa, alipewa jina mwaka 1933. Jina hilo ni heshima kwa Reginald Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo huko Amani. Mwaka 1980 wataalamu wawili wakauliza: je, huyu si chotara wa chozi wa aina mbili nyingine, kwa kuwa rangi zake zafanana na za wote wawili?

Swali hilo si la majina tu. Chotara akitoweka, wazazi wake waweza kumzaa tena. Aina kamili ikitoweka, hairudi.

Jawabu lilitolewa mwaka 2004, baada ya Rauri Bowie na wenzake kupima vinasaba vya chozi wa milima hiyo. Ilionekana kwamba chozi wa Moreau si chotara, ni aina kamili. Na chozi wa Usambara naye ana asili yake mbali na yule wa Kenya.

Basi mwenye kufyeka msitu wa Nguu asiseme, "Chozi wako Usambara." Wale ni wengine. Nasi wa visiwani tukumbuke kwamba bahari kwetu ni kama uwanda ule: chozi wa Pemba akitupotea, hakuna wa kuja badala yake.