Kidonge Kisichotafunwa

Mzazi mgonjwa akishindwa kumeza kidonge, mara nyingi mtoto mwenye huruma hukiponda, hukikoroga katika maji, kisha humnywesha. Kwa vidonge vingine tendo hilo halidhuru. Lakini viko vidonge vya kutuliza maumivu ambavyo, vikipondwa, huweza kumwua mtu. Wasomaji wapenzi, yafaa kila jamaa ijue sababu yake.

Tutwae mfano wa morfini. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mjerumani mmoja mtengeneza dawa, Friedrich Sertürner, aliitenga katika afyuni. Hata leo ni dawa kubwa ya maumivu makali, kama yale ya kansa. Kidonge chake cha kawaida huyeyuka upesi tumboni. Dawa hupenya katika matumbo na kuingia damuni, na damu huichukua mpaka kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako huzipunguza nguvu habari za maumivu. Kisha ini huibadilisha, na mafigo huitoa kwa mkojo. Baada ya saa 4 hivi maumivu hurudi, na mgonjwa hukatizwa usingizi.

Katika miaka ya 1980, watengenezaji wa Uingereza walianza kuuza kidonge cha morfini kinachofanya kazi kwa saa 12. Je, chawezaje? Ndani yake dawa imechanganywa na vitu vinavyovimba majini na vingine vyenye mafuta. Maji ya tumbo yakikigusa, upande wa nje hugeuka kuwa mzito wa kuteleza, kama mlenda. Dawa hupita humo polepole, saa kwa saa. Moto wa majani makavu huwaka ghafula ukazimika. Kigogo huwaka mpaka asubuhi. Ndivyo vinavyotofautiana vidonge hivi viwili.

Basi, tufikiri kidogo. Kidonge hicho kimebeba dawa ya nusu siku nzima. Ukikiponda au kukitafuna, umeubomoa ukuta uliokuwa ukiizuia, na yote humwagika kwa mara moja. Morfini ikizidi hulegeza ile sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi: mgonjwa husinzia mno, huvuta pumzi chache, mwishowe huacha kabisa.

Pombe nayo ni adui. Mwaka 2005, huko Marekani, dawa iitwayo Palladone, ya ukoo mmoja na morfini, iliyotengenezwa itoke polepole kwa saa 24, iliondolewa madukani, kwa kuwa ilionekana kwamba ikinywewa pamoja na pombe yaweza kutoka upesi mno.

Kwa hiyo, kidonge cha namna hii kimezwe kizima, kwa maji. Mgonjwa asipoweza kumeza, mwulizeni mwuguzi. Iko morfini ya maji, yenye kipimo chake. Nafuu ikichelewa, msimwongezee kidonge kwa shauri lenu wenyewe, wala msimpe jirani dawa ya mwingine. Wekeni dawa mbali na watoto. Na mkiona mgonjwa haamki, pumzi zake ni chache, au midomo inageuka rangi ya buluu, mpelekeni hospitali mara moja.

Haba na haba hujaza kibaba. Dawa hii humsaidia mgonjwa kwa kuja haba na haba; tusiilazimishe ije yote pamoja.