Mtoto Hajala: Achomwe Insulini?

Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza akilala na homa, swali la nyumbani huwa moja: hajagusa chakula tangu asubuhi, sindano achomwe? Insulini hushusha sukari, na tumbo ni tupu. Mzazi huirudisha chupa mahali pake akiamini amemkinga mwanawe.

Hatari huanzia hapo. Sukari ya damu haitoki sahanini peke yake. Mwili unapopambana na malaria au nimonia humwaga homoni kama adrenalini na kotisoli. Homoni hizo hulifanya ini lifungue ghala lake la sukari, na papo hapo huipunguzia insulini nguvu. Ndiyo maana mtoto asiyekula anaweza kupimwa akakutwa na sukari ya mmol/L 20. Bila insulini, sukari hiyo hufurika kwenye damu isiingie kwenye seli, nazo seli hushinda na njaa. Mwili hugeukia mafuta, na mafuta yakichomwa huzaa ketoni, asidi inayoweza kuua.

Kwa hiyo neno ambalo wauguzi wa kliniki za kisukari hawachoki kulirudia ni hili: insulini inayofanya kazi kwa muda mrefu haiachwi. Dozi inaweza kuongezwa, au kupunguzwa kwa mtoto anayeharisha na sukari ikashuka, kwa maelekezo ya daktari; lakini kuisimamisha, hapana. Sukari hupimwa kila baada ya saa 2 hadi 4, usiku pia. Ikivuka mmol/L 14, mkojo hupimwa ketoni. Mtoto hunyweshwa kidogo kidogo: maji matupu sukari ikiwa juu, uji mwepesi wenye sukari au juisi ikiwa chini.

Akitapika mfululizo, akilalamika kuumwa tumbo, akihema kwa nguvu na haraka, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva mno, au akisinzia kupita kawaida, ni hospitali mara moja. Dalili hizi hufanana na za malaria; mzazi aseme mlangoni kabisa kwamba mtoto ana kisukari.

Utaratibu wote huu unasimama juu ya kijiti cha kupimia sukari. Usiku na mchana mmoja wa homa hudai vijiti 6 hadi 12. Nyumba inayonunua vijiti kwa kuhesabu, ikipima mara moja kwa siku, itavitoa wapi?